Maswali ya Wasomaji: Modeli ya Maji Ijengwe na Nani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii kutoka Moshi na Arusha zimehusu jambo moja, nalo ni utaratibu unaozidi kutumiwa na miradi ya mazingira wa kuwaita wananchi, wataalamu na viongozi wakae pamoja kuunda modeli ya mto, msitu au bonde kabla uamuzi haujafanyika. Tumechagua barua chache na kuzifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji katika kidakio kimojawapo (eneo linalokusanya maji ya mto mmoja) kusini mwa Mlima Kilimanjaro. Wanachama wetu wa juu wana vihamba vya kahawa na migomba na humwagilia kwa mifongo, yaani mifereji ya asili, waliyoachiwa na mababu, na wa chini hulima mpunga na mahindi huko tambarare. Kila Januari na Februari pande hizi mbili hugombana kuhusu zamu. Wataalamu wa mradi mmoja wametuambia kwamba watajenga pamoja nasi modeli ya kompyuta itakayotusaidia kugawana maji bila kuukausha mto. Walituita ukumbini, tukachora mishale kwenye karatasi kubwa, tukapewa posho, tukarudi nyumbani. Wazee wanauliza kama hii ni semina nyingine ya kupita. Modeli ya namna hiyo inafanya nini, na tutajuaje kwamba tumeshirikishwa kweli? — Katibu, Moshi Vijijini

Jibu: Ndugu Katibu, wazee wako wana haki ya kuuliza, nami nitaanza na sehemu ya mwisho ya swali lako kwa sababu ndiyo inayotenganisha ushirikishwaji wa kweli na ule wa kujaza daftari la mahudhurio. Wataalamu hao watakaporudi, waombeni wawaonyeshe mambo yaliyomo ndani ya modeli ambayo yasingekuwamo kama kikao chenu kisingefanyika. Wakiweza kuonyesha kwamba mfereji fulani uliongezwa, kwamba zamu ya usiku isiyoandikwa kwenye daftari lolote sasa imehesabiwa, au kwamba kiwango walichokuja nacho kilirekebishwa baada ya mwenyekiti wa mfongo kukipinga, basi mmeshiriki. Wasipoweza kuonyesha hata kimoja, mlikuwa wasikilizaji tu, hata kama mlishika kalamu za rangi mchana kutwa.

Ama kuhusu modeli yenyewe, ni mkusanyiko wa madai juu ya kinachosababisha kingine, yakiwa yamewekewa viwango: mvua ikinyesha kiasi hiki msituni, chemchemi hutoa kiasi hiki baada ya muda fulani, banio, yaani lango la kuingizia maji ya mto kwenye mfereji, likifunguliwa, mto hubaki na kiasi hiki, shamba la ukubwa huu huhitaji kiasi hiki. Kazi ya kompyuta ni kuyarudia madai hayo siku baada ya siku, kwa miaka kumi au ishirini ya kukisia, ili watu waone madai yao wenyewe yanawafikisha wapi. Kompyuta haiongezi ukweli ambao haukuwekwa ndani yake, na kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza juu ya modeli yoyote ni nani aliyeyaandika madai hayo na nani aliyepewa nafasi ya kuyapinga.

Nitoe mfano wa kubuni, lakini wenye hesabu za kweli. Lita 1 kwa sekunde ikitiririka usiku na mchana ni lita 86,400 kwa siku, na kiasi hicho kikitandazwa juu ya hekta moja hufikia kina cha milimita 8.6, ambacho wakati wa kiangazi huko tambarare kinakaribia mahitaji ya mpunga na kinazidi kwa mbali mahitaji ya mahindi machanga. Tuseme banio la mfereji wenu linachukua lita 60 kwa sekunde, na nusu ya maji hayo inazama ardhini kabla ya kufika shambani kwa sababu mfereji ni wa udongo. Mtaalamu akiwa peke yake ofisini ataandika kwamba lita 30 zinapotea, na kwamba mfereji ukisakafiwa kwa saruji lita hizo zitaokolewa. Hesabu hiyo inapendeza, na miradi mingi imebuniwa juu yake.

Lakini mkaribisheni ukumbini mkulima wa chini, ambaye shamba lake linategemea chemchemi iliyo chini ya mfereji huo. Huenda akasema kwamba chemchemi yake hupungua kila mfereji wa juu unapofungwa kwa ajili ya msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) wa kuusafisha. Ikiwa anasema kweli, maji yaliyoitwa ya kupotea hayakupotea. Yalikuwa yanapita ardhini kwenda kwake, na saruji itakayomfurahisha wa juu itamkausha yeye. Zaidi ya hayo, yule wa juu aliyeokoa lita 30 anaweza kuamua kupanua shamba lake badala ya kuziacha ziende mtoni, na mwisho wake mto ukapata maji machache kuliko mwanzo. Jambo hili limeonekana katika skimu za umwagiliaji za nchi nyingi, na halionekani kwenye hesabu ya mfereji mmoja uliopimwa peke yake.

Hapo ndipo naona thamani kubwa ya kuunda modeli kwa pamoja. Ugomvi wa miaka mingi juu ya nani mwizi wa maji unageuka kuwa mshale mmoja kwenye karatasi, unaotoka kwenye mfereji kwenda kwenye chemchemi, ambao mmoja anasema upo na mwingine anasema haupo. Mshale wa namna hiyo unaweza kupimwa, na wala hauhitaji mtambo wa gharama. Chukueni ndoo ya lita 20 na saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10, chemchemi inatoa lita 2 kwa sekunde. Pimeni kila asubuhi kwa wiki kadhaa mfereji ukiwa wazi, kisha wakati umefungwa, kisha ukifunguliwa tena, na mtu wa juu na mtu wa chini wawepo wote wawili wakati wa kupima. Maji ya ardhini husafiri polepole, kwa hiyo msikate tamaa ikiwa badiliko litachelewa kuonekana. Vipimo vya wiki hizo vikiingizwa kwenye modeli, hakuna upande utakaoweza kusema umeletewa namba kutoka mjini.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta gharama ya kutoulizana mapema. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikileta mpunga wa kisasa na mavuno ambayo wakulima wa tambarare hawakuwahi kuyaona. Mafanikio yenyewe ndiyo yaliyozaa tatizo, kwa kuwa wakulima walio nje ya skimu, juu ya mabanio yake, waliona faida ya mpunga, wakaanza kuulima kwa maji ya mto Rau, na eneo la mpunga ndani ya skimu likapungua kwa kukosa maji. Mito ilikuwa imepimwa, lakini jirani anayeona shamba la mwenzake limestawi hakuingizwa kwenye hesabu. Naamini kwamba kama wakulima wa juu wangekaa na wasanifu na kuulizwa mngefanya nini mkiona mpunga unalipa, wangejibu bila kusita, kwa sababu jibu hilo halikuwa siri.

Wako waliojaribu njia nyingine, na mfano ninaoupenda unatoka Bhutan, nchi ya milima huko Asia. Katika bonde dogo la Lingmuteychu, kijiji cha juu cha Limbukha kilikuwa na desturi ya kutowaachia maji watu wa Dompola walio chini hadi siku maalumu ya mwezi wa tano wa kalenda yao, na wa chini walichelewa kupandikiza mpunga kwa sababu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwakalisha wakulima wa vijiji vyote viwili kwenye mchezo wa kuigiza, ambamo kila mchezaji alikuwa na mashamba, akapokea maji kulingana na mvua ya mwaka, akaamua apande nini na amgawie nani. Katika hatua mojawapo wachezaji walibadilishana nafasi, wa juu akacheza kama wa chini na wa chini kama wa juu. Mchezo huo uliambatana na modeli ya kompyuta iliyoendeleza maamuzi yao kwa misimu mingi zaidi. Baadaye utaratibu uliendelea hadi kuvihusisha vijiji saba vya bonde zima, na kamati ya pamoja ya kusimamia bonde ikaundwa. Tazama kwamba kilichozaliwa pale ni chombo cha watu cha kuamua. Programu ya kompyuta ilikuwa ngazi ya kupandia tu.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla ya kikao kijacho ombeni mambo matatu kwa maandishi: swali ambalo modeli inatakiwa kulijibu, likiwa limetungwa au kukubaliwa na wanachama wenu, orodha ya makisio yote kwa Kiswahili, ili yasomwe mbele ya mkutano mkuu, na tarehe ambayo modeli itarudishwa kwenu ikiwa bado inaweza kubadilishwa. Hilo la tatu ndilo huachwa mara nyingi. Modeli inayoletwa siku ya kukabidhi ripoti, pamoja na mgeni rasmi, imekwisha kufungwa.

Swali: Ninasomea shahada ya uzamili mjini Arusha, na utafiti wangu unahusu mto unaotoka Mlima Meru. Wakulima ninaozungumza nao wananiambia "mto umepungua sana" na "zamani maji yalifika pale kwenye mwembe". Msimamizi wangu anataka namba. Maneno kama hayo yanawezaje kuingia kwenye modeli, na nichague mbinu gani kati ya nyingi zilizopo? — Mwanafunzi, Arusha

Jibu: Ndugu mwanafunzi, "pale kwenye mwembe" ni kipimo kamili kuliko unavyodhani. Nenda na mkulima huyo mpaka kwenye mwembe, mwombe akuonyeshe maji yalifika wapi, kisha pima kwa futi kamba kimo cha alama hiyo kutoka usawa wa maji wa sasa na upana wa mto mahali hapo. Kilichobaki ni mwaka, na wakulima wa kaskazini hukumbuka miaka kwa matukio: mvua za El Niño za 1997 na 1998, ukame ulioleta mgawo mkali wa umeme mwaka 2006, kiangazi cha 2009 kilichoua ng'ombe wengi wa wafugaji wa Longido na Monduli. Ukiuliza "mto ulikuwaje mwaka ng'ombe walipokufa?" utapata jibu lenye uhakika zaidi kuliko ukiuliza hali ya miaka kumi na mitano iliyopita. Majibu ya watu wengi waliohojiwa mmoja mmoja yakikubaliana, una ushahidi unaoweza kuwekwa kando ya rekodi za kituo cha kupimia maji, na pengine kujaza mapengo yake.

Kuhusu mbinu, acha swali lako likuchagulie. Ikiwa unataka kujua watu wanaamini nini kinasababisha nini, tumia ramani za fikra, ambamo kila mtu huchora vitu anavyoviona muhimu, akaviunganisha kwa mishale na kuupa kila mshale uzito kuanzia hasi moja hadi chanya moja. Msingi wake wa kihesabu uliwekwa na mtafiti Bart Kosko mwaka 1986, na maneno kama "sana" na "kidogo" yanakaa humo bila taabu. Upungufu wake ni kwamba ramani hizo hazina saa wala kalenda, hivyo haziwezi kukuambia kama athari itakuja mwezi ujao au baada ya miaka kumi. Ikiwa unahitaji muda na viwango, kwa mfano bwawa linalojaa na kupungua au msitu unaokatwa na kuota, rudi kwenye mbinu aliyoianzisha Jay Forrester kwenye chuo cha MIT nchini Marekani katika miaka ya 1950, inayofuatilia akiba na mitiririko inayoiongeza au kuipunguza. Na ikiwa tatizo lako ni tabia za watu wengi wanaotazamana na kuigana, tumia modeli za wahusika binafsi, ambamo kila mtu huwakilishwa na kanuni zake za kuamua, pamoja na michezo ya kuigiza, njia iliyoendelezwa sana na watafiti wa CIRAD, kituo cha utafiti wa kilimo cha Ufaransa, wakiwemo waliofanya kazi na wakulima wa bonde la mto Senegal.

Nikuonye jambo moja ambalo wapenzi wa ushirikishwaji hulikwepa. Maarifa ya wananchi nayo hukosea, na kuwaheshimu hakumaanishi kuandika kila wanachosema kana kwamba kimethibitishwa. Hapa Kilimanjaro ukiwaambia watu wachore kwa nini mito imepungua, wengi wataanza na theluji ya Kibo, kwa sababu wameiona ikipungua kwa macho yao tangu utotoni. Mshale huo una maana kubwa mioyoni mwao, lakini kwa wingi wa maji ni mwembamba: sehemu kubwa ya maji ya mito ya kusini hutokana na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu, na mvua nyingi kuliko zote huanguka humo, karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mbali chini ya kilele chenye mita 5,895. Modeli nzuri haifuti mshale wa theluji kimyakimya. Inauacha karatasini, inaweka kando yake mshale wa msitu, kisha inawaonyesha wote kinachotokea mtoni theluji ikiisha msitu ukiwa umebaki, na kinachotokea msitu ukiungua au kukatwa theluji ikiwa imebaki. Ninajali sana tofauti hiyo, kwa sababu anayeamini kwamba maji yote yanatoka kwenye theluji hana la kufanya ila kusikitika, na anayejua kwamba yanatoka msituni ana moto wa kuzuia na miti ya kulinda.

Swali: Ninalima mchicha, figiri na mnafu kando ya mto Themi, kwenye eneo la kukodi. Nilisikia kwamba kulikuwa na kikao cha wadau cha kutengeneza mpango wa mto, walioitwa wakiwa ni wenye vibali vya maji, viwanda, hoteli na viongozi wa mitaa. Sisi akina mama wa bustani hatukuitwa. Je, inafaa kwenda kujiombea nafasi, au modeli hiyo itatufikiria hata tusipokuwapo? — Mama wa bustani, Arusha

Jibu: Mama yangu, haitawafikiria. Tazama jinsi orodha ya waalikwa inavyotengenezwa: huanza na walio na karatasi ofisini, na aliyekodi bustani hana karatasi. Asiyekuwapo siku ya kuchora hana mstatili wake kwenye mchoro, asiye na mstatili hana mshale, na asiye na mshale hapungukiwi na chochote modeli inapoonyesha kwamba maji yote yametumika vizuri. Ndivyo wanavyosahauliwa wachota maji kwa ndoo, wafugaji wanaoshuka na mifugo kiangazi, wavuvi wadogo, na wote wanaotumia mto bila kuandikishwa mahali popote. Kuachwa kwao hakutokani na ubaya wa mtu, na matokeo yake ni mabaya vilevile.

Nendeni, na mwende wengi kwa pamoja. Muwe na hoja ya sheria pia, kwa sababu Sera ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zinaweka matumizi ya nyumbani mbele, na baada yake maji ya kuutunza mto wenyewe, kabla ya viwanda na mashamba. Mwulizeni mwendeshaji wa kikao kama mahitaji hayo mawili yametengwa kwanza ndani ya modeli, au yameachiwa mabaki. Mwulizeni pia kuhusu ubora wa maji, maana kwenu ninyi mnaolima chini ya mji, mto unaweza kuwa na maji tele na bado usifae kumwagilia mboga zinazoliwa na watoto.

Kwa waandaaji wanaosoma safu hii nina ombi. Msiwakalishe akina mama hawa kwenye meza moja na wenye mashamba makubwa tangu asubuhi ya kwanza, mkatazamia waseme. Kutaneni nao kwanza peke yao, kule bustanini, kwa saa ambazo hawako sokoni, wachore mchoro wao hadi mwisho. Kisha michoro ya makundi yote ibandikwe ukutani ikiwa imekamilika na ilinganishwe mbele ya wote. Mtu aliyekwisha kuchora anachokijua hazungumzi kwa woga kama anayeulizwa ghafla mbele ya mkuu wake.

Swali: Modeli iliyotengenezwa katika kata yetu imetoa matokeo kwamba tupunguze eneo la mpunga wa kiangazi. Wananchi wamekasirika. Je, tunalazimika kuifuata? — Mwenyekiti wa kijiji, tambarare za Moshi

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, hamlazimiki. Modeli haina mamlaka ya kutoa wala kunyang'anya kibali. Mamlaka hayo yako kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapohapo Moshi, na mpango wa matumizi ndani ya kijiji na jumuiya ni wenu kuujadili. Isomeni modeli kama sentensi yenye "ikiwa": ikiwa mvua ni hizi, ikiwa mbegu ni hii, ikiwa maji yanatiririka shambani mfululizo, basi maji hayatoshi. Badilisheni "ikiwa" moja moja. Ombeni ijaribiwe mwaka mkavu, mwaka wa kawaida na mwaka wa mvua. Ombeni ijaribiwe kwa mbegu ya muda mfupi, na kwa kulowesha na kukausha mashamba kwa zamu badala ya kuyaacha yamefurika wakati wote. Pengine mtaona kwamba eneo lote linalimika mwaka wa kawaida na theluthi yake ndiyo ya kuacha mwaka mkavu, na uamuzi wa namna hiyo watu wanaweza kukubaliana nao, hasa ikiwa wale wanaoacha kulima mwaka huu wamewekewa utaratibu wa kufidiwa zamu mwaka unaofuata.

Lakini nisingependa muikatae kwa sababu tu haikusema mlichotaka. Ninyi mnaolalamika kwamba wa mlimani wanawamalizia maji ni watu wa juu kwa wengine. Mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wako wavuvi na mtambo wa umeme wa megawati 8, na mbele yake kuna mitambo ya Hale ya megawati 21 na New Pangani Falls ya megawati 68. Huko mwisho, mjini Pangani, mto unapopungua nguvu maji ya chumvi ya bahari hupanda ndani na kuharibu maji na mashamba ya watu ambao hamtakutana nao kamwe kwenye mkutano wa kata. Mwulizeni mtaalamu wenu kama mpaka wa modeli unaishia kwenye mashamba yenu au unakwenda mbele. Ukiishia kwenu, matokeo yatawapendelea, na wa chini watakuwa na haki ya kuyakataa kama mnavyotaka kuyakataa haya.

Swali: Kijijini kwetu, huku upande wa Upare, umeme ni wa shida na hakuna anayejua kutumia kompyuta. Je, hatuwezi kushiriki kazi hii? — Msomaji, Mwanga

Jibu: Mnaweza, na pengine kwa umakini zaidi. Mwaka 2006, huko Nessuit nchini Kenya, jamii ya Waogiek ilijenga modeli ya eneo lao la msitu wa Mau kwa tabaka za karatasi ngumu zilizokatwa kufuata mistari ya kimo, zikabandikwa moja juu ya nyingine hadi milima na mabonde yakainuka mezani. Wazee wakaweka mito, njia, mipaka ya koo na mahali pa mizinga ya nyuki kwa rangi, nyuzi na pini. Kwa kuwa kila kitu kiliwekwa kwa uwiano wa kipimo, ramani hiyo iliweza baadaye kupigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta.

Kwa mgawo wa maji, chukueni punje za mahindi au maharage, kila punje ikiwa saa moja ya maji, na mchore mfereji wenu ardhini kutoka kwenye ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhia maji, hadi shamba la mwisho. Mgawie kila mmoja kama mnavyofanya sasa, kisha rudieni kwa mwaka ambao ndiva imejaa nusu. Mwachieni anayelima mwisho wa mfereji agawe katika duru mojawapo. Andikeni kila duru kwenye daftari: nani alipata punje ngapi, nani alikosa, na sababu aliyoitoa kila mmoja. Daftari hilo likae ofisi ya kijiji, nakala nyingine iwe kwa mwenyekiti wa mfereji, na lifunguliwe tena baada ya kiangazi ili mlinganishe mlichokisia na kilichotokea, kwa sababu mtaalamu akija siku moja na kompyuta yake ataanzia hapo mlipofikia, na ninyi mtakuwa na makisio yenu ya kumwekea mezani.